Erwin Chargaff: Mkimbizi aliyehesabu herufi nne za DNA

Tuanze na robota la viatu vya mitumba. Mfanyabiashara amelilipia mpakani bila kuona kilichomo. Akifika nyumbani analimwaga chini na kuanza kuhesabu. Viatu vyeusi vya kushoto 180, vyeusi vya kulia 180. Vya kahawia vya kushoto 120, vya kahawia vya kulia 120. Wiki inayofuata analeta robota jingine kutoka kwa tajiri mwingine. Safari hii vyeusi ni vichache na vya kahawia ndivyo vingi, lakini kushoto na kulia bado vinalingana, rangi kwa rangi. Hakuna mfanyabiashara atakayehitaji kufafanuliwa hesabu hiyo. Viatu vilifungwa jozi kwa jozi.

Kuna mtu aliyewahi kufanya hesabu ya namna hiyo, si kwa viatu bali kwa kitu kilichomo ndani ya chembe hai za mimea, wanyama na binadamu. Alipata majibu safi kuliko mtu yeyote aliyemtangulia, kisha akasita kulitamka neno jozi. Wengine wawili walilitamka, wakapewa Tuzo ya Nobel. Mtu huyo ni Erwin Chargaff, mwanakemia aliyefukuzwa na vita na siasa kutoka mji mmoja hadi mwingine, na ambaye hesabu yake ndiyo msingi wa vipimo vingi vya maabara vinavyotumika leo, vikiwemo vile vya mipakani kwetu.

Chargaff alizaliwa tarehe 11 Agosti 1905 katika mji wa Czernowitz, makao makuu ya jimbo la Bukovina, pembezoni kabisa mwa dola ya Austria na Hungaria. Msomaji anayeishi karibu na mpaka ataielewa hali ya mji huo upesi. Sokoni kulisikika Kijerumani, Kiromania, Kiukraini, Kipolandi na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa sehemu hizo. Mwenyeji angeweza kukaa katika nyumba ileile maisha yake yote na bado akabadilishiwa nchi mara nne au tano. Baada ya vita kuu ya kwanza mji ukawa wa Romania. Mwaka 1940 Wasovieti wakauchukua, mwaka 1941 Waromania wakarudi, mwaka 1944 Wasovieti tena, na tangu mwaka 1991 ni mji wa Ukraine, unaoitwa Chernivtsi.

Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba yake, Hermann, alirithi benki ndogo ya wazazi wake, lakini benki hiyo ilifilisika mtoto akiwa bado mdogo. Vita vilipolipuka mwaka 1914 na majeshi ya Kirusi kuukaribia mji, familia ilihamia Vienna. Erwin alikuwa na umri wa miaka tisa.

Vienna ndiko alikosoma na ndiko alikopata ladha yake ya maisha. Alipenda vitabu kuliko kitu kingine chochote, akawa mhudhuriaji wa mihadhara ya mwandishi Karl Kraus, mtu aliyeogopwa mji mzima kwa ukali wa kalamu yake. Wanaosoma maandishi ya Chargaff ya uzeeni wanaona wazi kwamba ukali ule ulimwambukiza. Kemia hakuichagua kwa mapenzi. Kijana asiye na mali alihitaji elimu ya kumpatia riziki, na kemia ilionekana kuwa na ajira. Alipata shahada ya udaktari wa kemia mwaka 1928, Austria ikiwa nchi ndogo, maskini, yenye wasomi wengi na kazi chache.

Mwaka huohuo alipata ufadhili wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alipofika New York maofisa wa uhamiaji walimzuia katika kisiwa cha Ellis Island. Kosa lilikuwa la karatasi: viza yake ilimtaja kuwa mwanafunzi, na yeye tayari alikuwa daktari wa falsafa. Kwa ofisa wa mpakani hivyo ni vitu viwili visivyopatana. Mwishowe aliruhusiwa kuingia. Nadhani wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kuonana na ofisa wa aina hiyo.

Huko Yale, chini ya Rudolph Anderson, kazi yake ilikuwa kuchunguza mafuta yaliyomo ndani ya bakteria wa kifua kikuu. Mdudu huyo tumweke akilini, kwa sababu tutakutana naye tena mara mbili.

Marekani haikumpendeza, na mwaka 1930 alirudi Ulaya, akapata kazi katika Chuo Kikuu cha Berlin. Ni miaka aliyoikumbuka kwa furaha kubwa, kwa kuwa Berlin wakati huo ilikuwa imejaa wanasayansi wakubwa kuliko mji wowote duniani. Furaha hiyo haikudumu. Januari 1933 Hitler alishika madaraka, na ndani ya miezi michache Myahudi hakuwa tena na nafasi katika chuo kikuu cha Kijerumani. Chargaff alikwenda Paris, katika Taasisi ya Pasteur, alikoalikwa na Albert Calmette, mmoja wa wagunduzi wa chanjo ya BCG. Calmette alifariki mwaka huohuo. Ufaransa nako mgeni hakuwa na uhakika wa kesho, na ndipo alipovuka bahari kwa mara ya pili, safari hii bila tikiti ya kurudi. Mwaka 1935 alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mkuu wa idara ya biokemia, Hans Clarke, alikuwa akiwapokea wasomi waliokimbia Ulaya bila kuwauliza maswali mengi, na idara yake ikajaa watu wenye lafudhi za kila aina.

Mwaka 1940 Chargaff alipata uraia wa Marekani. Mama yake alibaki Vienna. Wakati wa vita Wanazi walimsomba pamoja na Wayahudi wengine wa mji huo, na hakurudi tena. Chargaff alilitaja jambo hili mara chache sana na kwa maneno machache, lakini waliomfahamu hawakuona ajabu kwamba mtu huyu hakuwahi kuyaamini sana maendeleo ya binadamu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Mwaka 1944, katika mji huohuo wa New York, Oswald Avery na wenzake wawili katika Taasisi ya Rockefeller walitangaza jambo ambalo wengi hawakulipa uzito. Walichukua bakteria wa nimonia wasio na madhara, wakawapa kitu kilichotolewa kutoka kwa bakteria wakali wa aina hiyo, na wale wapole wakageuka kuwa wakali, wao na vizazi vyao vyote. Kitu hicho kilikuwa DNA. Maana yake ilikuwa kwamba urithi unabebwa na DNA, si na protini kama wengi walivyodhani.

Wengi walisita kwa sababu DNA ilionekana kuwa kitu kisicho na akili. Ilijulikana kwamba imejengwa kwa sukari, fosfeti na besi za aina nne: adenini, timini, guanini na sitosini. Kwa kifupi wataalamu huziita A, T, G na C, nasi tufuate hivyo. Mwanakemia mashuhuri Phoebus Levene alikuwa amefundisha kwa miaka mingi kwamba besi hizo ziko sawa, robo kwa robo, zikijirudia kama shanga za rangi nne katika mkufu. Ikiwa ni hivyo, DNA ya ng'ombe na ya hamira ni kitu kimoja, na kitu kinachofanana kila mahali hakiwezi kumfanya ng'ombe awe ng'ombe.

Chargaff alipoyasoma maandishi ya Avery aliacha karibu kila alichokuwa akikifanya, akaielekeza maabara yake kwenye DNA. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa sokoni kabisa. Kama DNA inabeba urithi, basi DNA za viumbe tofauti lazima zitofautiane kwa kemia. Na kama zinatofautiana, mtu akihesabu kwa uangalifu ataiona tofauti hiyo. Yaani ile robo kwa robo haikuwa imethibitishwa. Ilikuwa imeaminiwa tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mizani nzuri ya kutosha.

Mizani ndiyo iliyomchukua muda. Uingereza wakati wa vita walikuwa wamebuni njia ya kutenganisha vitu kwa karatasi. Unadondosha tone la mchanganyiko pembeni mwa karatasi maalumu, unaacha kimiminika kipite juu yake polepole, na kila kitu kilichomo kinasafiri umbali wake, kingine mbele, kingine nyuma, kama wino unavyogawanyika rangi karatasi ikilowa. Chargaff na msaidizi wake kutoka Uswisi, Ernst Vischer, waliigeuza njia hiyo ili iweze kutenganisha besi za DNA. Kisha walikata kipande cha karatasi chenye besi moja, wakakiosha, na kupima ni kiasi gani cha mwanga wa urujuanimno kilimezwa na maji yale. Besi humeza mwanga huo, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo zinavyomeza zaidi.

Inasikika rahisi, lakini DNA yenyewe ilipatikana kidogo sana, na kila hatua iliacha kitu nyuma, kama unga unaobaki kwenye kinu. Walirudia na kurudia. Walipima DNA ya tezi za ndama na ya wengu, ya hamira, ya mbegu za kiume za binadamu, na ya bakteria wa kifua kikuu, yule mdudu wa Yale.

Majibu yaliyotoka kati ya mwaka 1948 na 1950 yalimaliza mambo ya robo kwa robo. Katika DNA ya binadamu, A ilikuwa kama asilimia 30, T kama 30, G kama 20 na C kama 20. Katika bakteria wa kifua kikuu mambo yaligeuka: G na C pamoja zilifika karibu theluthi mbili ya herufi zote. Ndama ni ndama, hamira ni hamira. Lakini DNA ya viungo mbalimbali vya mnyama mmoja ilikuwa na uwiano uleule. Na katika kila kiumbe, A ililingana na T, G ikalingana na C.

Ndilo lile robota la viatu. Vyeusi kushoto sawa na vyeusi kulia. Vya kahawia kushoto sawa na vya kahawia kulia. Kati ya vyeusi na vya kahawia, kila robota lina wingi wake.

Mwaka 1950 Chargaff aliyaweka haya katika makala moja ya muhtasari, akautaja ule ulinganifu, kisha akaongeza kwa tahadhari kwamba bado haiwezi kusemwa kama ni jambo lenye maana au ni bahati tu. Hapo ndipo aliposimama. Wapo wanaomlaumu kwa uoga. Mimi naona alikuwa mwaminifu kwa mizani yake. Mizani ilimwambia ni ngapi, haikumwambia zimekaaje, na hakuwa mtu wa kuuza asichokuwa nacho mkononi. Hata hivyo ni kweli pia kwamba mtu mwenye desturi ya kufikiri kwa maumbo angeliona haraka.

Watu wa namna hiyo alikutana nao mwishoni mwa Mei 1952 mjini Cambridge, Uingereza. John Kendrew alimkutanisha na vijana wawili waliokuwa wakitafuta umbo la DNA, James Watson kutoka Marekani na Mwingereza Francis Crick. Mkutano ule ulikwenda vibaya. Chargaff aliwaona kama wapiga domo, watu wenye tamaa kubwa na elimu ndogo ya kemia, na Crick alijidhalilisha aliposhindwa kukumbuka tofauti za besi nne zenyewe. Pamoja na dharau hiyo aliwaeleza kuhusu uwiano wake. Crick alitoka pale akilini ana jambo moja tu: moja kwa moja. A kwa T, G kwa C.

Miezi kumi na moja baadaye, tarehe 25 Aprili 1953, jarida la Nature lilichapisha umbo la DNA: nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, A ya uzi mmoja ikishikana na T ya uzi wa pili, G ikishikana na C. Walisaidiwa pia na picha ya miali ya eksirei iliyopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin, London, ambayo Watson alionyeshwa bila yeye kujua. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Mwaka 1962 Nobel ilikwenda kwa Watson, Crick na Maurice Wilkins. Chargaff hakuwemo, na jambo hilo halikumtoka moyoni mpaka kufa kwake.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia kisa kinachosimuliwa kila mahali, cha aliyelima na asivune. Kuna sehemu ya pili isiyotajwa mara nyingi, na ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa mipakani. Hesabu ya Chargaff haikuonyesha jozi tu. Ilionyesha pia kwamba viumbe wanatofautiana kwa wingi wa jozi za G na C, na tofauti hiyo ikageuka kuwa namna ya kutabiri ugumu wa DNA.

Turudi kwa viatu. Chukulia kwamba kila jozi nyeusi imefungwa kwa kamba mbili na kila jozi ya kahawia kwa kamba tatu. Ndivyo ilivyo katika DNA: A na T zinashikana kwa vifungo viwili vya haidrojeni, G na C kwa vitatu. Watson na Crick wenyewe walikichora kifungo cha tatu kama hakipo, na ni Linus Pauling na Robert Corey walioonyesha mwaka 1956 kwamba kipo. Robota lenye jozi nyingi za kahawia, basi, ni gumu zaidi kulifumua.

Kinachoifumua DNA ni joto. Ukiipasha DNA iliyo ndani ya maji yenye chumvi, nyuzi mbili zinaachana. Zikiachana zinameza mwanga wa urujuanimno zaidi, kwa kadiri ya asilimia 40, kwa sababu besi zilizokuwa zimebanana sasa zimefunguka. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa mbele ya kifaa chake, akaongeza joto kidogo kidogo, na kuona DNA ikiachana bila kuigusa. Joto ambalo nusu yake imeachana ndilo linaloitwa joto la kuyeyukia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Julius Marmur na Paul Doty walifanya hivyo kwa DNA za viumbe wengi, kisha wakaweka majibu yao kando ya asilimia za G na C, zile alizofungulia njia Chargaff. Alama zote zilijipanga katika mstari mmoja ulionyooka. Mwaka 1962 walitoa kanuni yake: katika chumvi ya kawaida ya maabara, chukua asilimia ya G na C, zidisha kwa 0.41, ongeza 69.3. Binadamu mwenye asilimia 40 anatoka na digrii 85.7. Bakteria wa kifua kikuu anafika karibu digrii 96. Yaani mdudu ambaye Chargaff alimchunguza mafuta akiwa kijana, na kumhesabia besi akiwa mtu mzima, ana DNA inayokaribia joto la maji yanayochemka kabla haijaachana.

Kwa vipande vifupi ilipatikana baadaye hesabu ya kichwani ambayo mchuuzi yeyote ataifurahia: kila A au T digrii mbili, kila G au C digrii nne. Kipande cha herufi 20, kumi za huku na kumi za kule, kitaachana karibu na digrii 60.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yake ndiyo iliyowashughulisha wataalamu kwa miaka mingine thelathini. Fikiria lori la magunia. Uzito wa magunia ukiujua, bado hujajua kama mzigo utasimama. Inategemea lipi limekaa juu ya lipi. Besi za DNA zimelaliana kama magunia, na nguvu kubwa inayoishikilia DNA inatokana na kulaliana huko kuliko na vile vifungo vya pembeni. Ndiyo maana mpangilio wa herufi una uzito wake, mbali na wingi wa kila herufi.

Ignacio Tinoco na wenzake huko California walikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya kuhesabu kwa majirani: usitazame herufi moja moja, tazama kila herufi na inayoifuata. Kwa kuwa kuna herufi nne, majirani ni aina 16, lakini kwa vile uzi wa pili ni kivuli cha wa kwanza, aina zinazobaki ni kumi tu. Ukizijua nguvu za hizo kumi, unaweza kujumlisha nguvu ya kipande chochote. Mwaka 1986 Kenneth Breslauer na wenzake walitoa orodha ya DNA. Maabara nyingine zikatoa orodha zao, namba zikapingana, watu wakabishana. Mwaka 1998 John SantaLucia alizilinganisha na kuonyesha kwamba ugomvi ulikuwa mdogo kuliko ulivyodhaniwa, akatoa orodha moja inayotumika mpaka leo.

Tuipime orodha hiyo kwa mfano. Chukua vipande viwili vya herufi sita, AAATTT na TATATA. Vyote vina A tatu na T tatu, na kwa hesabu ya digrii mbili mbili ni sawa kabisa. Sasa jumlisha kwa majirani. A ikifuatwa na A, au T ikifuatwa na T, inachangia 1.00. A ikifuatwa na T inachangia 0.88. T ikifuatwa na A ni dhaifu, 0.58 tu. Kipimo hapa ni kilokalori za nishati kwa kila moli, kwenye joto la mwili na chumvi nyingi. AAATTT inapata 4.88. TATATA inapata 3.50. Kuna makato ya kuanzisha jozi ya kwanza na mengine madogo, lakini kwa vipande hivi viwili yanafanana, kwa hiyo pengo linabaki palepale. Bidhaa ni ileile na idadi ni ileile. Upangaji ndio uliotofautiana.

Nani anahitaji hesabu hiyo? Mwaka 2020 madereva wa malori walikaa siku kadhaa Malaba na kwenye mipaka mingine wakisubiri majibu ya korona, na wafanyabiashara wakaona nyanya zao zikioza. Kipimo kile kilikuwa cha PCR, njia aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983. Ndani ya mashine, DNA inapashwa hadi karibu digrii 95 ili nyuzi ziachane. Kisha inapozwa, mara nyingi hadi kati ya digrii 50 na 65, ili vipande vifupi vilivyotengenezwa kiwandani vikashike mahali pake hasa kwenye uzi wa kirusi. Virusi vya korona vina RNA, kwa hiyo kwanza hunakiliwa kuwa DNA. Kama vipande hivyo ni dhaifu mno, havitashika, na mgonjwa ataambiwa ni mzima. Kama vinashika kwa urahisi mno, vitang'ang'ania hata pasipo pake, na mzima anaweza kuambiwa ni mgonjwa, lori lake likabaki uwanjani. Anayevibuni hukaa kwenye kompyuta na kujumlisha majirani wale kumi kabla ya kuagiza hata tone moja. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu katika hospitali nyingi za ukanda wetu zinakwenda kwa njia hiyohiyo, na DNA zinayoitafuta ni ya mdudu wetu yuleyule.

Chargaff aliishi hadi kuyaona mengi kati ya haya, na hayakumfurahisha. Alikuwa profesa wa Columbia tangu mwaka 1952, akawa mkuu wa idara mwaka 1970, akastaafu mwaka 1974, mwaka ambao serikali ya Marekani ilimpa nishani yake ya taifa ya sayansi. Baada ya hapo aligeuka kuwa mkosoaji mkubwa wa fani aliyoisaidia kuzaliwa. Mwaka 1976, wanasayansi walipoanza kukata na kuunganisha DNA za viumbe tofauti, aliandika kupinga, akiuliza nani amewapa haki ya kuachia duniani kitu kisichoweza kurudishwa tena. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu cha maisha yake. Ni kitabu cha uchungu, chenye lugha nzuri na dhihaka nyingi, na Watson na Crick hawakusalimika ndani yake. Wenzake wengi walimwona mzee mwenye kinyongo. Kinyongo kilikuwepo, hakuna haja ya kukificha. Lakini mtu aliyeona Berlin ya mwaka 1933, mji wenye maprofesa wengi na maabara bora, ukigeuka katika miezi michache, alikuwa na sababu zake za kutowaamini wasomi wanapoahidi kwamba kila kitu kiko salama.

Uzeeni alirudi kwenye Kijerumani, lugha ya utoto wake, akaandika vitabu vya insha vilivyosomwa zaidi Ulaya kuliko Marekani alikoishi. Mkewe Vera alifariki mwaka 1995. Yeye alibaki peke yake New York, akisoma na kuandika, mpaka tarehe 20 Juni 2002 alipofariki akiwa na umri wa miaka 96. Wakati huo orodha ya SantaLucia ilikuwa na miaka minne, na ramani ya kwanza ya DNA ya binadamu ilikuwa imechapishwa mwaka mmoja kabla, A zikiwa sawa na T, G sawa na C.